Mwaka wa Kusikika

Jumatano iliyopita tulimzika Idi. Pale makaburini, baada ya dua, wakanisukuma mbele niseme maneno mawili matatu, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari, maana kwa miaka mingi watu wamezoea kwamba palipo na mkusanyiko na mimi nipo, basi mimi ndiye wa kusema. Nikasema. Nilisema vizuri pia, sitajidai kinyume. Tulipokuwa tunarudi, mkwe wa marehemu akaniambia, "Mzee, wewe ulizaliwa unasema." Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mtu pekee aliyejua kwamba maneno hayo ni uongo mtupu ndiye tuliyekuwa tumemwacha chini ya mchanga. Sasa hakuna aliyebaki hai wa kushuhudia kwamba kuna mwaka mmoja, Dar es Salaam, nilikuwa naona haya hata kuomba chumvi. Basi nitashuhudia mwenyewe.

Nyumba ya wazazi wangu nitaiacha ilipo. Ina wasimulizi wake. Itoshe kwamba nilitoka Bagamoyo na sanduku la bati, kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane, katika ile miaka iliyokuwa kati ya vita vikuu viwili, Mwingereza akiwa ndiye mwenye nchi. Vijana wa leo huenda chuo kikuu. Chuo kikuu chetu sisi kilikuwa darasa la ualimu katika shule moja ya serikali mjini, na aliyeingia pale alionekana amepanda juu kabisa. Bweni lilikuwa limejaa. Wachache wetu tukaambiwa tutafute wenyeji, na Idi, ambaye nilikuwa nimemjua kwa muda wa saa moja tu, akaniambia, "Twende Kariakoo, namjua mama mmoja." Kumbe hakuwa anamjua. Alikuwa amesikia jina lake kwa mtu, akaingia ukumbini kwake na kumwamkia kama shangazi yake wa damu, na kabla jua halijatua tulikuwa na chumba. Mimi muda wote huo nilisimama nje na sanduku langu, nikisoma kibao cha duka la mbele neno kwa neno ili nionekane nina shughuli.

Chumba chetu kilikuwa cha kwanza kushoto ukiingia. Vitanda viwili vya kamba, mkeka, taa ya chemni, na dirisha la mbao lililofungukia barazani, mahali alipokaa Fundi Kombo na cherehani yake. Fundi Kombo alipanga chumba cha kulia. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya kugombana hata alipokuwa anakubali. Cherehani ikinguruma, naye ananguruma juu yake. Mwenye nyumba, Bi. Mwanaidi, mjane wa makamo, mzaliwa wa Kilwa, alikaa chumba cha nyuma karibu na ua. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Zilikoma juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo kwenda juu palikuwa na hewa moja tu ya nyumba nzima, kwa hiyo kilichosemwa uani kilinifikia kitandani pamoja na harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Nimekaa nyumba nyingi baada ya ile, zenye dari na vitasa, na hakuna niliyoijua vizuri vile.

Jioni tulikula kwa sinia, wanaume ukumbini: Fundi Kombo, Idi, mimi, na mgeni yeyote aliyebahatika. Wali wa nazi na mchicha, siku nyingine ugali na papa mkavu aliyeungwa kwa nazi. Kula sinia moja na watu wanaojua kula kunataka ufundi, na mimi sikuwa nao. Kila mtu hula upande wake, lakini samaki yuko katikati, na katikati hapana mwenyewe. Lazima mkono uende. Wangu haukwenda. Nilikula wali wa ukingoni, mweupe, nikasema alhamdulillahi nikiwa na njaa, nikawa wa kwanza kunawa. Idi alikuwa akila huku anasimulia, na bado alimaliza upande wake na nusu ya upande wangu. Wiki ya tatu kaptula ya shule ilikuwa hainikai kiunoni. Ningeweza kusema neno moja na mtu angenisogezea kipande cha papa, watu wale hawakuwa wachoyo, lakini neno moja ndilo nililokosa.

Siku moja nimejilaza baada ya shule, nikamsikia jirani akiuliza kule uani, "Yule mpangaji wako wa kushoto, ni bubu?" Bi. Mwanaidi akamjibu, "Bubu wapi. Yule ana adabu. Siku hizi vijana wa namna ile hupati." Sidhani kama nilipata kusifiwa vile tangu nizaliwe. Niligeukia ukuta nikatabasamu peke yangu. Tangu siku hiyo haya yangu ikawa na jina zuri, na mtu akishapewa jina zuri la ila yake ataivaa mpaka msikitini. Nilizidi kunyamaza. Nilikuwa naona kwamba Idi na kelele zake ndiye mwenye kasoro, na nilimhurumia.

Shuleni jina hilo zuri halikujulikana. Mkuu wa shule, Mwingereza mrefu aliyesema Kiswahili cha vitabuni bila kukosea hata herufi, alitutaka kila wiki mmoja wetu asimame mbele ya wenzake awafundishe kana kwamba wao ni watoto. Zamu yangu ilipofika nilifundisha ubao. Niliugeukia, nikauandikia, nikauambia kila kitu kuhusu mito ya Tanganyika, na nilipogeuka dakika ishirini zilikuwa zimekwisha na nusu ya darasa wanachora madaftarini. Akaniita ofisini mwake. Palinuka tumbako na karatasi.

"Kwa kuandika, wewe ni wa kwanza darasani," akasema. "Lakini mwalimu hufundisha kwa mdomo. Mwezi wa Desemba atakuja mkaguzi, na kila mmoja wenu atafundisha somo moja mbele yake, watoto wa kweli. Asiyesikika hataingia mwaka wa pili. Atarudi kwao. Umenielewa?"

Nilielewa. Akangoja nijibu. Akangoja sana. Mwishowe akasema, "Nenda," nami nikaenda, na njia nzima ya kurudi Kariakoo, nikikatiza Mnazi Mmoja na jua la saa tisa, nilikuwa nikimjibu kwa ufasaha mkubwa. Niliogopa kweli. Nilitaka ualimu kuliko kitu chochote, sikuwa na mpango wa pili, na hakuna jambo lililonitisha kama kuteremka Bagamoyo na lile sanduku la bati na kuulizwa na kila mtu kilichonirudisha. Ningewajibu nini, na kwa mdomo upi?

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo sauti yangu ilitoka, na ndipo palipoleta balaa. Barua za nyumba yetu zilikuwa zikifikia sanduku la posta la Bwana Nasoro, Mwarabu mwenye duka la mbele, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza tende na mchele mtaani pale tangu baba yake. Bi. Mwanaidi hakujua kusoma, na kaka yake Mshamu, ambaye ndiye aliyemlea, alimwandikia kutoka Kilwa kila mwezi kwa mkono wa mwalimu mmoja wa huko. Mwanzoni msomaji alikuwa Idi. Idi alisoma barua kama mtu anayepika. Hakuweza kuacha kutia chumvi. Siku aliyosoma kwamba hata jogoo wa Mzee Mshamu anatoa salamu, Bi. Mwanaidi alimnyang'anya karatasi akanipa mimi. Nikagundua jambo la ajabu. Karatasi ikiwa mbele ya uso wangu, na maneno yakiwa ya mtu mwingine, sauti ilitoka. Nilisoma kama ilivyoandikwa, sikupunguza wala kuongeza, salamu za kila mtu kwa jina lake, na wanawake wa uani wakaacha walichokuwa wakifanya wakanisikiliza. "Huyu hasomi," alisema Bi. Mwanaidi, "huyu anamleta Mshamu hapa akae nasi." Nikajiona nimepona.

Ikawa alasiri moja ya mwezi wa Julai, natoka shule, Bwana Nasoro akaniita kutoka dukani. "Kijana, kwenu kuna barua. Ya Kilwa hii." Nikaipokea. Juu ya bahasha palikuwa na jina la Fundi Kombo bin Haji. Nilisoma jina hilo mara mbili. Fundi Kombo alikuwa mtu wa Pemba, hakuwa na ndugu Kilwa, na tangu niingie nyumba ile sikuwa nimeona apate barua hata moja. Nikafikiri mwandishi amekosea. Jambo la kufanya lilikuwa dogo kuliko yote: nivuke njia, hatua kumi, alipo mwenyewe, nimwambie, "Fundi, barua hii ina jina lako." Nilivuka. Fundi Kombo alikuwa akimgombeza mteja juu ya shingo ya kanzu, mdomoni amebana pini. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Hakunitazama. Nikajiambia kwamba kumkatiza mtu mzima si adabu, nikampita, nikaingia ndani.

Bi. Mwanaidi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na jirani wawili wanapepeta mchele. "Mama, kuna barua ya Kilwa," nikasema. Akacheka, mikono myeupe kwa nazi. "Kaka mwezi huu kawahi. Soma, soma, nisikie." Nikapasua bahasha. Salamu zilikuwa fupi, mstari mmoja tu. Msomaji aliyekomaa angetambua hapo hapo, kwa sababu barua ya watu wetu ikiwa na heri huanza na salamu za nusu ukurasa. Kisha nikasoma: "Nakuandikia wewe, Fundi, kwa kuwa ndiye mtu mzima wa nyumba hiyo, upate kumwandaa." Hapo nilijua. Nataka niliandike hili wazi, maana miaka yote nimewaacha watu wafikiri nilisoma bila kujua. Baada ya neno lile palikuwa na nafasi ya kusimama. Lakini ukisimama katikati ya barua lazima useme kwa nini umesimama, na watu watatu walikuwa wananitazama, na maneno yangu mwenyewe sikuwa nayo. Ya karatasi yalikuwepo. Kuendelea kulikuwa rahisi kuliko kunyamaza na kueleza, kwa hiyo nikaendelea, kwa sauti ile ile nzuri waliyoipenda: "Ndugu yake Mshamu hatunaye tena. Tumemzika jana baada ya swala ya adhuhuri."

Kilio chake sitakieleza. Aliyewahi kukisikia anakijua. Fundi Kombo aliingia uani na utepe wa kupimia shingoni, akawaona wale jirani wawili wamemshika Bi. Mwanaidi huku na huku, akaniona mimi na karatasi.

"Ilikuwa na jina la nani?" akaniuliza.

"Lako."

"Ukapita mbele yangu."

"Nikapita."

Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Nyumba ilijaa watu siku tatu. Mikeka mpaka barazani, kahawa, Kurani, wageni kutoka mitaa ya Gerezani na Ilala. Mimi nilikaa pembeni kabisa, karibu na viatu. Siku ya pili Fundi Kombo akaja kukaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema polepole, bila kugombana, na hicho ndicho kilichonivunja. "Kijana, barua ya tanzia haiandikwi kwa mwenye msiba. Inaandikwa kwa mtu wa pembeni. Ningetuma mtu Magomeni amlete binti wa mama yake mdogo. Ningengoja mchele ule uive. Ningemwacha ale kwanza, maana baada ya hapo hali tena. Halafu ningemwambia Mshamu anaumwa. Halafu, anaumwa sana. Mpaka aniulize mwenyewe. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Hajala tangu jana," akasema, akainuka.

Idi naye aliniuliza, tukiwa chumbani, "Umemwomba radhi?" Nikamwambia nitamwomba. Akanitazama, na kwa mara moja katika maisha yake hakuongeza kitu. Kila asubuhi nilimwambia Bi. Mwanaidi, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba," na sentensi iliyobaki ikafika mpaka menoni ikarudi. Wiki zikapita hivyo. Shuleni hata kusoma kukanishinda. Agosti, zamu yangu ilipofika tena, nilisimama na chaki mkononi, nikawatazama wenzangu, nikarudi kukaa. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mkuu wa shule aliandika kitu katika daftari lake. "Nitamwarifu mkaguzi mapema kwamba mmoja wenu hasemi," akaniambia, si kwa ukali, "asije akashangaa." Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku la bati nikaanza kupanga vitu vyangu, ingawa Desemba bado ilikuwa mbali.

Tulisoma arobaini ya marehemu. Kesho yake Bi. Mwanaidi akaniita uani. Nikajua nafukuzwa, na nilikuwa tayari. Nilishaona kwamba ni haki. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, ile barua iko mapajani. Fundi Kombo alikuwa amempa.

"Haikuisha," akasema. "Siku ile hukumaliza. Nisomee iliyobaki."

Nikaipokea. Safari hii sikuiweka mbele ya uso. Niliisoma yote kimya kwanza, mpaka sahihi, na yeye akangoja. Kisha nikamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza, maana nakumbuka nilishangaa kuona ana kovu dogo juu ya nyusi. "Mama," nikasema, "iliyobaki ni njema. Lakini ina cha kuliza. Nikusomee sasa, au nimwite jirani akae nawe?"

"Soma," akasema.

Nikasoma kwamba Mshamu alikwenda kwa utulivu, kitandani kwake. Kwamba asubuhi ya siku ile alikuwa akiwasimulia watu jinsi dada yake, akiwa mtoto, alivyopanda mnazi wa jirani akashindwa kushuka, akakaa juu mpaka baba yao akarudi, na yeye Mshamu akasema ni yeye aliyempandisha, akachapwa badala yake. Kwamba alicheka mpaka akakohoa, akasema, mwambieni Mwanaidi sijutii fimbo zile. Bi. Mwanaidi alicheka kwanza. Alicheka kweli, kwa sauti, mkono mdomoni. Halafu akalia, na mimi nikakaa pale pale, sikukimbia.

Alipojifuta uso kwa upande wa kanga akasema, "Jirani alipouliza kama wewe ni bubu, nilimwambia una adabu. Nilikosea. Adabu ni kumtazama mwenzio. Wewe unajitazama mwenyewe tu, utaonekanaje, watasemaje. Kombo alikuwa pale. Umempita kwa kuogopa kugombezwa, tena kugombezwa na Kombo, ambaye hata kuku wa mtaa huu hawamwogopi." Akaipokea barua yake. "Basi kuanzia kesho, mtu akipiga hodi nyumba hii wewe ndiye wa kumwitikia. Huendi mlangoni. Utaitikia kutoka hapa uani, akusikie aliyeko njiani. Akiingia umuulize ni nani, anamtaka nani, ana habari gani. Shuleni kwenu hawafundishi hilo?"

"Hawafundishi."

"Basi ndiyo maana," akasema, akachukua ungo wake.

Wasiozijua nyumba zile wajue kwamba kutoka ua mpaka mlango wa mbele ni ukumbi mrefu, wenye vyumba huku na huku, na sauti ya mwoga hufia katikati yake. Hodi ya kwanza niliitikia kwa "karibu" ambayo nadhani haikupita chumba cha pili. Mpiga hodi akapiga tena, akapiga ya tatu, akaenda zake. Alikuwa mwuza samaki. Siku hiyo tulikula mchicha mtupu, na juu ya sinia kila mtu alinitazama mimi, Fundi Kombo zaidi. Kesho yake sikungoja hodi ya pili. Mwisho wa Septemba Bwana Nasoro aliuliza kutoka dukani kwake kama tumempangisha dalali wa mnada. Lakini ukubwa wa sauti ulikuwa sehemu ndogo ya kazi ile. Kubwa ilikuwa kuuliza. Watu walikuja na mambo yao, huyu amekosana na mumewe, yule anatafuta chumba, mwingine amekuja kudai kanzu iliyocheleweshwa, na niligundua kwamba mtu mwenye haja yake hana nafasi ya kukutazama wewe. Hajali kama shati lako limepauka wala kama sauti inakutetemeka. Anataka kujua kama Fundi yupo. Hiyo ilikuwa habari mpya kwangu, na ilinifurahisha kuliko sifa zote za adabu. Siku moja nikaona mkono wangu umekwenda katikati ya sinia na kurudi na kipande cha papa. Idi akaacha kusimulia, akatazama pale kipande kilipokuwa, akaniambia, "Kumbe tulikuwa tunaishi vizuri mpaka leo."

Desemba mkaguzi akaja, mtu mfupi mnene, akakaa nyuma ya darasa pamoja na mkuu wa shule, kofia yake kubwa nyeupe juu ya goti. Watoto walikuwa thelathini na kitu. Mimi nilipewa somo la ramani. Nikaanza, na sauti ikatoka, ikafika nyuma bila shida. Tatizo lilikuwa jingine. Mkaguzi alikuwa anaona joto, akajipepea kwa ile kofia, na kila alipojipepea vichwa thelathini viligeuka nyuma. Nikisema kaskazini, wanageuka. Nikisema kusini, wanageuka. Mwezi wa Machi ningefikiri ni mimi, ningeugeukia ubao na kumalizia safari yangu ya Bagamoyo hapo hapo. Nikawatazama watoto, nikaona wazi kwamba jambo hilo halinihusu hata kidogo; wana kofia ya kutazama, nani asingeitazama. Nikaweka chaki chini.

"Bwana Mkaguzi," nikasema, "naomba uje ukae huku mbele, pale ubavuni. Watoto wanageuka kukutazama na somo linapotea."

Zama zile kijana mweusi hakumwambia Mzungu mahali pa kukaa. Mkuu wa shule akawa mwekundu mpaka masikioni. Mkaguzi akanitazama, akawatazama watoto, ambao muda huo wote walikuwa wamemgeukia yeye, akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akaja nacho mpaka chini ya dirisha. Watoto walimtazama Mzungu anayebeba kiti kwa raha kubwa kiasi kwamba niliwaacha washibe kwanza. Kisha nikasema, "Haya. Nani ataniambia, ukitoka hapa asubuhi kwenda Mnazi Mmoja, jua linakupiga wapi?" Mikono ikapanda. "Mgongoni," akasema mmoja. "Kwa hiyo jua lilitokea upande gani?" Kutoka hapo somo lilikwenda lenyewe, na kengele ilipolia nilisikitika. Nilikuwa bado nina mengi.

Nje, kibarazani, nilimsikia mkaguzi akimuuliza mkuu wa shule, kwa Kiswahili, nadhani makusudi nisikie, "Huyu ndiye uliyeniandikia kwamba hasemi?"

"Ndiye."

"Afadhali," akasema mkaguzi. "Angekuwa anasema, angenitoa nje kabisa." Mkuu wa shule akanigeukia, akanipa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima. "Mwaka wa pili unaanza Januari," akasema.

Idi naye alipita. Aliutangulia mji mzima na habari hiyo, kwa hiyo nilipofika barazani Fundi Kombo alikuwa ameshasimamisha cherehani. Akanigombeza kwa kuchelewa, kisha akanishika bega akauacha mkono wake pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikapita ndani peke yangu. Bi. Mwanaidi alikuwa uani anachambua kisamvu. Nilikuja na habari njema mdomoni, nimeipanga tangu Mnazi Mmoja, kiti na kofia na kila kitu, na nilipomwona ameinamisha kichwa juu ya ungo ikatoka nyingine.

"Mama," nikasema, "ile barua nilijua kabla sijafika mwisho. Ningeweza kusimama, sikusimama. Nisamehe."

Alimaliza jani alilokuwa nalo mkononi, akaliweka na mengine, ndipo akainua uso.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja kukusikia."